Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini nani anapona?

Sogeeni karibu na redio. Mwenye kaye na kalamu azichukue, kwa sababu mwishoni nitataja mambo matano ya kuandika.

Leo tunazungumza juu ya wageni. Si mgeni wa ukoo, yule anayebisha hodi akiwa amebeba kuku. Ni mgeni anayefika katika mtaa wa masikini ili kuuona umasikini wenyewe. Anatembea kati ya nyumba, anatazama, anapiga picha, kisha anapanda gari na kurudi hotelini.

Jambo hili si geni duniani. Katika miaka ya 1880, mjini London, matajiri walikuwa na desturi ya kwenda Whitechapel na mitaa mingine ya mashariki kutazama namna wafanyakazi masikini wanavyoishi. Wengine walikwenda kwa huruma, wengine kwa kujifurahisha tu. Siku hizi desturi hiyo imekuwa biashara. Inafanyika Rio de Janeiro huko Brazili, inafanyika Mumbai huko India, inafanyika Afrika Kusini. Na karibu nasi inafanyika Nairobi, katika mtaa wa Kibera. Unalipa dola zako, unapewa kiongozi, unatembezwa kwa saa chache.

Mtu ataniuliza: sisi wa huku inatuhusu nini? Sisi hatuna watalii wa namna hiyo, tuna vita. Ngoja kidogo, ndugu. Kwetu mgeni mwenye kamera anakuja kwa majina mengine: mwandishi wa habari, mfadhili, mchunguzi, mjumbe wa shirika. Wengi wao wana kazi ya lazima, na bila wao dunia isingejua mateso yetu. Lakini kwa mama aliyeketi mlangoni pa hema, mambo ni yaleyale: mtu asiyemjua amesimama mbele yake, amemwelekezea kamera. Ninyi mliokaa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, kabla ya makambi ya kando ya Goma kuondolewa watu mwanzoni mwa mwaka 2025, mnajua ninalosema. Kwa hiyo tujifunze kwa wenzetu wa Kibera. Wao walianza kuonja jambo hili muda mrefu.

Kibera iko kama kilometa tano tu kutoka katikati ya Nairobi. Walioanza kukaa pale walikuwa askari Wanubi wa jeshi la Waingereza na familia zao, mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye watu wa kila kabila wakaja kutafuta kazi mjini. Nyumba ni za udongo na mabati, zimebanana, na wengi wa wakaaji ni wapangaji. Mwaka 2005 ilitoka sinema kubwa iliyopigwa kwa sehemu huko Kibera. Mwaka 2006 Barack Obama, wakati huo akiwa seneta wa Marekani, alifika pale. Jina la Kibera likasikika kila mahali, na wenye biashara ya utalii wakaona soko.

Kuna kijana wa Kibera anayeitwa Kennedy Odede, aliyeanzisha mwaka 2004 shirika la wakaaji linalojulikana kwa jina la SHOFCO. Mwaka 2010 aliandika juu ya jambo hili katika gazeti moja kubwa la New York. Alieleza kwamba alipokuwa na miaka 16, alikuwa nje ya nyumba yao karibu na vyombo, mwenye njaa, wakati mwanamke mgeni alipompiga picha. Akajisikia kama mnyama ndani ya kizimba. Kabla hajafungua kinywa, yule mama alikwisha kwenda zake. Hakumpiga, hakumwibia, hakumtukana. Hata hivyo kijana alibaki na kidonda, na miaka kumi baadaye kidonda kilikuwa kingali kinauma, mpaka akakiandikia.

Hebu tulipime jambo hilo kwa mfano wa nyumbani. Sisi tunaujua utalii wa mbugani. Wageni wamekuja Virunga na Kahuzi-Biega kuwaona ngagi. Kabla ya kumwona ngagi, mgeni sharti alipe na kupata ruhusa. Anapewa mlinzi wa kumwongoza. Kundi linakuwa dogo. Muda wa kukaa mbele ya wanyama ni saa moja tu. Anafunika kinywa kwa maski asimwambukize mnyama ugonjwa, na hasogei karibu jinsi anavyotaka, kuna umbali uliowekwa. Kanuni hizo ni nzuri, nazo zinasaidia kuwalinda. Sasa nauliza: mama anayefua nguo mbele ya mlango wake, nani amemwekea umbali wake? Nani amehesabu saa yake? Mtoto mwenye kuhara anayelala juu ya mkeka, nani amemwombea ruhusa? Tumemwandikia mnyama kanuni, binadamu tumemwacha hivihivi.

Sasa tuyatazame matokeo yake, moja baada ya jingine.

La kwanza ni haya. Masikini naye ana siri zake za nyumbani, kama tajiri. Hataki watu wamwone akiwa hajaoga, akiwa anaumwa, akiwa anagombana na mume wake juu ya unga. Tajiri ana ukuta na mlinzi wa kuficha mambo hayo. Masikini ana pazia tu. Mgeni akilifunua lile pazia, au akichungulia tu, amempokonya mwenye nyumba ukuta pekee aliokuwa nao.

La pili linahusu watoto. Kule Kibera, watoto wakimwona Mzungu wanakimbia nyuma yake wakiimba salamu ya Kiingereza. Ni furaha ya watoto, haina ubaya. Lakini mgeni akianza kutoa pipi na sarafu njiani, mtoto anajifunza somo baya: kwamba uso wa huzuni unaleta pesa kuliko daftari la shule. Na baba yake, anayebeba mizigo tangu asubuhi, anajiona mdogo mbele ya mwanawe.

La tatu ni habari zenyewe. Anayeuza mateso anataka mateso yaonekane makubwa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, hata zaidi. Hesabu ya serikali ya Kenya ya mwaka 2009 ikapata watu 170,070. Wako waliobisha hesabu hiyo, lakini tofauti ni kubwa mno. Tena habari zinazobebwa na mgeni mara nyingi ni za takataka na mitaro ya maji machafu. Fundi wa viatu, mwalimu, mama wa kikundi cha akiba, vijana wanaochonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe, hao hawaingii sana katika picha. Na mtu anayesemwa kila siku kwamba hana kitu, anafika mahali anaanza kuamini.

La nne linagusa amani moja kwa moja, nalo ni pesa. Mtaa wa masikini una nyufa za zamani. Kibera, mwaka 2001, ugomvi wa kodi za nyumba kati ya wenye nyumba na wapangaji uligeuka kuwa mapigano ya makabila, watu wakafa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba na maduka vilichomwa, hata reli inayopita pale iling'olewa. Mahali pa namna hiyo, dola ishirini zinazoingia bila kujulikana zimekwenda wapi si kitu kidogo. Watu wanaanza kuulizana: mbona wageni wanapelekwa upande ule tu? Mbona kiongozi wa watalii ni wa kabila lile? Mbona mwenye kampuni anakaa mjini, na sisi tunaotazamwa hatuoni hata sabuni? Swali likikosa jibu, uvumi unajibu mahali pake. Na uvumi, wandugu, sisi wa Kivu tunajua unakofikisha watu.

Huku kwetu ufa mwingine uko kati ya waliohamishwa na familia zilizowapokea. Tuseme familia moja imewafungulia mlango watu kumi. Wamegawana nao chumba, choo, bido za maji na sahani ya sombe. Kisha wanafika wageni, wanapiga picha waliohamishwa peke yao, wanawapa mablanketi, wanaondoka. Mwenye nyumba anabaki ameshika kiuno. Hakuna aliyefanya kosa kwa makusudi, lakini mbegu ya chuki imekwisha kupandwa ndani ya parsela moja.

La tano ni hatari ya uhai. Mwanamke aliyetendewa ukatili wa vita, kijana aliyekimbia kundi la silaha, shahidi aliyeona wauaji: hao wamejificha kati yetu. Picha inayopigwa leo asubuhi inazunguka katika simu jioni, Bukavu, Kinshasa mpaka Ulaya. Yule aliyekimbiwa naye ana simu. Akiuona uso, na nyuma ya uso akauona mlima au kanisa analolijua, amekwisha kujua pa kumtafuta.

Ndiyo maana sikubali maneno ya wale wanaosema: ni picha tu, haimli mtu.

Lakini pia sitaki tufikie kuwafukuza wageni. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuliangalie neno hilo vizuri. Halikusema tu mgeni njoo. Limeweka na kipimo: mwenyeji apone. Basi kila mgeni apimwe hapo. Baada ya yeye kwenda, mwenyeji amepona, au ameumia?

Na iko mifano ya kupona. Huko Mumbai, katika mtaa wa Dharavi, kampuni inayoitwa Reality Tours ilianza mwaka 2005 ikiwa na kanuni ya kutopiga picha wakati wa matembezi, na makundi yanakuwa madogo. Mgeni haonyeshwi ombaomba. Anaonyeshwa kazi: wafinyanzi wa vyungu, watengenezaji wa ngozi, watu wanaokusanya plastiki iliyotumika na kuifanya mali tena. Kampuni imetangaza kwamba asilimia 80 ya faida inakwenda kwa shirika lake la elimu na huduma za jamii. Bado wako wanaoilaumu, na wana haki ya kuuliza. Lakini angalau ahadi imewekwa wazi mbele ya watu, hata mkaaji anaweza kuidai.

Huko Soweto, Afrika Kusini, watu wanafika kwa wingi katika barabara ya Vilakazi, ambako Nelson Mandela alikaa. Karibu na hapo iko nyumba ya makumbusho ya Hector Pieterson, iliyofunguliwa mwaka 2002, kwa ukumbusho wa wanafunzi waliopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976. Pale mgeni haendi kuchungulia chumba cha mtu. Anaingia kwa mlango wa wazi, anaelezwa historia ambayo wenyeji wenyewe wamekubali kuieleza. Hata msiba unaweza kuonyeshwa kwa heshima, wenye msiba wakiwa ndio wanaosema.

Sasa, sheria inasema nini? Mimi nimesoma sheria, basi niruhusuni nifungue kitabu kidogo. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu, na serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 29 kinasema makao ya mtu hayavunjwi: hayaingiwi wala kupekuliwa ila kwa namna sheria inavyoruhusu. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri. Wenzetu wa Kenya nao, katika katiba yao ya mwaka 2010, wameandika haki hiyo, na kwa bahati namba ya kifungu ni hiyohiyo, 31. Katiba haikusema makao ya matofali. Kwa mtazamo wangu, hema ya plastiki ni makao. Chumba cha shule ulimojifichia na watoto ni makao. Mkeka wako uliouzungushia kitenge ni makao.

Watoto wana ulinzi zaidi. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto yanakataza kuingilia maisha yake ya siri, na nchi yetu ina sheria yake ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Na ninyi mliohamishwa, zipo Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zilizoandikwa kwa ajili yenu. Zinasema heshima yenu haipungui kwa sababu mmetoka kwenu, na msaada sharti utolewe bila ubaguzi.

Hapo kwenye msaada nataka kusimama. Wengi wanakubali picha kwa sababu ya woga. Wanajisemea: nikikataa, jina langu litafutwa kwenye liste, sitapata unga. Mama, nisikilize vizuri. Unga si malipo ya picha. Unapewa msaada kwa sababu una haja, basi. Mtu yeyote, awe mfanyakazi wa shirika, awe prezida wa kambi, akikuambia simama upigwe picha au ukose kadi, amekiuka kanuni za msaada. Una haki ya kukataa na kubaki kwenye liste. Kama unaogopa kusema peke yako, nenda na wamama wengine wawili au watatu, mseme pamoja.

Nanyi wakubwa wa mitaa, neno langu kwenu ni hili. Mgeni akifika kwanza kwako, ni adabu, ni vizuri. Unaweza kumruhusu kuingia katika kartie. Lakini huwezi kumruhusu kuingia katika nyumba ya mtu, wala kuuchukua uso wa mtu. Ruhusa hiyo si yako, ni ya mwenyewe. Shefu anayepokea dola kumi za soda kisha akawafungulia wageni milango ya wajane, ameuza kitu kisicho chake. Na siku watu watakapojua, atakapowaita kwenye mkutano wa amani hawatamsikiliza.

Haya, chukueni kalamu. Mambo matano ya kukubaliana katika mtaa kabla mgeni hajafika:

Moja. Ruhusa kwanza. Mgeni aeleze yeye ni nani, anataka nini, picha itakwenda wapi. Aeleze kwa lugha ambayo mwenyeji anaisikia. Aliyekubali anaweza kubadili shauri, na picha ifutwe mbele yake.

Mbili. Nyuso za watoto, za walioteswa na za mashahidi hazipigwi. Hata mhusika akikubali kwa machozi au kwa njaa, komite iseme hapana kwa ajili yake.

Tatu. Pako mahali pasipotembelewa: chooni, kwa mgonjwa, kwa mama anayejifungua, penye kilio. Mtaa uchague wenyewe cha kuonyesha: kisima tulichochimba, shule, shamba la pamoja, kazi ya mikono.

Nne. Hesabu hadharani. Kilichotolewa kiandikwe katika kaye siku hiyohiyo, na kisomwe mbele ya mkutano wa wote. Komite iwe na wamama na wababa, waliohamishwa na waliowapokea, na watu wa kila kabila la mtaa. Kaye ishikwe na mtu mmoja, pesa zishikwe na mwingine.

Tano. Mgeni arudishe habari. Atuonyeshe alichoandika au picha aliyotangaza. Kama amesema uwongo juu yetu, tumwambie. Na vijana wetu wenye simu wajifunze kuandika habari za mtaa wao wenyewe, kwa kanuni hizihizi, maana jirani naye anaweza kumwaibisha jirani.

Wandugu, wako watakaosema: tuna njaa, tuna vita, na huyu wa redio anatuletea habari ya picha. Ninawaelewa. Lakini fikirini vita vyetu vilivyoanza. Mara ngapi vilitanguliwa na maneno ya kumfanya mtu aonekane si mtu kamili, bali ni kitu cha kuchekwa, cha kuhurumiwa au cha kuondolewa? Anayezoea kumtazama jirani yake kama kitu, siku moja hataona shida kumtendea kama kitu. Kulinda heshima ya mama mmoja mlangoni pake ni sehemu ya kazi ya amani, sawa na kupatanisha makabila mawili juu ya shamba.

Jioni hii, kabla ya kulala, ulizaneni nyumbani: mgeni akija kesho na kamera, sisi tungependa aone nini, na nini tusingependa akione? Watoto nao wajibu. Kisha majibu hayo myapeleke kwa mkubwa wa nyumba kumi, naye ayapeleke kwa shefu wa avenyu, ili mkutano ujao wa mtaa uyaandike.